Arobaini Yangu Uwanjani

Picha ile niliituma kwenye grupu la familia bila kufikiria sana. Nimesimama karibu na wavu, raketi mkononi, kofia ya jua kichwani, na sketi inayoishia juu ya goti. Ndani ya sketi kuna kaptula, lakini kaptula haionekani kwenye picha. Hazikupita dakika tano simu ikaita kutoka Tanga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Sketi hiyo umemwazima mtoto wa nani?”

Nikamweleza kwamba nimeingia ligi ya tenisi, tena ya watu wazima, ya waliotimiza miaka arobaini. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo sijalipatia jibu zuri: “Na hao watu wazima wenzio, hawana nyumba za kufagia?”

Wanazo, mama. Ndiyo maana mechi zetu zinaanza saa mbili asubuhi Jumamosi, au usiku taa zikishawashwa, watoto wakishakula.

Naishi Houston, Texas, tangu 2009. Nafanya kazi maabara ya hospitali, zamu ya usiku zaidi kuliko ya mchana, kupima damu za watu ambao sitaonana nao kamwe. Lakini kabla ya haya yote nilikuwa GD. Waliocheza netiboli shuleni wameshanielewa. Mlinzi, mikono mirefu, kelele nyingi. Nilicheza mpaka UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, na kama si mdomo wangu ningefika mbali zaidi, maana nilikuwa nabishana na refa kuliko nilivyokuwa nakaba. Halafu ikaja ndoa, wakaja watoto wawili, ikaja safari, kikaja kiti cha maabara kinachozunguka. Mwaka 2021, baada ya mwaka ule ambao sisi watu wa maabara hatukupata hata nafasi ya kuogopa, daktari akaniangalia majibu yangu mwenyewe na kuniambia sukari inasogea pabaya. Akasema tafuta mchezo unaoupenda. Netiboli hapa Texas ukiitaja watu wanadhani umekosea kutamka kikapu.

Tenisi niliipata kwa sababu ilikuwa karibu na rahisi. Kuna viwanja vya umma ndani ya MacGregor Park, vinaitwa Homer Ford Tennis Center, na palikuwa na mafunzo ya jioni kwa watu wazima wasiojua kitu. Tulikuwa kundi la watu wanane, wote tumevuka thelathini, wote tumeshika raketi kama mtu anayefukuza popo. Benchini alikuwa akikaa mzee mmoja, haji kucheza, anakuja kutazama tu. Siku moja mpira wangu ulivuka uzio na kwenda kudunda kwenye maegesho ya magari. Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia: unajua umepiga huo upuuzi kwenye ardhi gani?

Sikujua. Hapo ndipo walipokulia kimchezo Zina Garrison na Lori McNeil, mabinti weusi wawili waliofundishwa na kocha John Wilkerson katika bustani hii ya umma, hakuna klabu ya kitajiri wala nyasi. Mwaka 1990 Garrison alikwenda Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza yanayochezwa kwenye nyasi, akamtoa Monica Seles, akamtoa Steffi Graf, mastaa wa enzi hizo, na kufika fainali, alikofungwa na Martina Navratilova. McNeil naye mwaka 1994 alimtoa Graf huyohuyo raundi ya kwanza kabisa, wakati Graf ndiye bingwa mtetezi. Nilirudi nyumbani nikatafuta video. Kisha nikajitazama kwenye kioo cha bafuni nikiigiza mkono wa kuanzisha mpira, na mwanangu wa kwanza akafunga mlango taratibu bila kusema neno.

Wazo la ligi lilikuwa la kocha wetu wa mafunzo ya jioni. Nikamcheka. Neno ligi kwangu lilikuwa Coastal Union na Simba pale Mkwakwani, watu wamepanda hadi kwenye miti. Mimi na ligi wapi na wapi? Akanifafanulia, na hapo ndipo nilipoanza kuvutiwa, maana niliona akili iliyomo ndani yake.

Chama cha Tenisi cha Marekani, USTA, kilianzisha ligi hii mwaka 1980 na wachezaji kama 13,000. Sasa wamepita 300,000, karibu wote watu wa kawaida, walimu, madereva, wauguzi, wastaafu. Kuna machujio mawili. La kwanza ni umri: kuna ligi ya kuanzia miaka 18, ya kuanzia 40, ya 55, na ya 65. Ukisikia “kuanzia” usifanye kosa nililofanya mimi la kudhani ligi ya 18 ni ya vijana. Umri umewekwa kama sakafu, dari hakuna. Mwenye miaka 70 anaruhusiwa kucheza na wa 19 akipenda, na wengi wanapenda. Kinachotazamwa ni mwaka utakaotimiza umri huo, hata kama siku yenyewe bado. Mimi nimezaliwa Desemba 1983, kwa hiyo Januari 2023 nilihesabiwa wa arobaini huku keki ikiwa bado miezi kumi na moja mbele. Mume wangu alinitania mwaka mzima kwamba nimeukimbilia uzee kwa sababu ya jezi.

Chujio la pili ni daraja. Kila mchezaji ana namba: 2.5 wanaoanza, 3.0, 3.5, 4.0, na kupanda hivyo kwa nusu nusu mpaka 5.0 na zaidi. Unacheza na wa daraja lako. Mgeni anajaza maswali kwenye mtandao: umecheza tenisi sekondari? Chuo? Umewahi kulipwa kwa kuicheza? Mwisho unapewa namba yenye herufi S pembeni, maana yake umejikadiria mwenyewe. Baadaye kompyuta ndiyo inayokukadiria, kwa kuangalia matokeo ya mechi zako dhidi ya nani, na kwa magemu mangapi, vile vipande vidogo vinavyojumlishwa kuwa seti.

Nilikaa mbele ya fomu ile muda mrefu. Maswali yote jibu lake lilikuwa hapana, fomu ikasema 2.5, lakini ilikuwa inaruhusu kujiweka juu zaidi. Na ndani yangu kulikuwa na yule GD wa Tanga anayesema: wewe si wa kuanza, wewe ni mwanamichezo, ponda hiyo namba. Nikampigia kocha. Akaniambia maneno mafupi: jiandikishe ulivyo leo, jana yako haichezi.

Nikaandika 2.5. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Utu uzima una ujanja wa kutuficha madaraja. Kazini mimi ndiye ninayewafundisha wapya. Nyumbani mimi ndiye mama. Kwenye vikao vya Watanzania hapa mjini nashika daftari la michango. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu aniandikie kwenye karatasi, mbele ya watu, kwamba katika jambo hili wewe uko chini kabisa.

Mechi yangu ya kwanza, Machi 2022, nilipangwa kucheza mmoja kwa mmoja. Nahodha wetu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, alibadilishana karatasi za vikosi na nahodha mwenzake, na nikaona mpinzani wangu anakuja. Mama wa miaka sitini na kitu. Nywele nyeupe zimefungwa kitambaa, goti moja limevikwa bandeji, anatembea kama anayekwenda kuchota maji bila haraka. Ilibidi nijizuie nisimwamkie. Kwa malezi yangu nilikuwa nadaiwa shikamoo, halafu nadaiwa kumpokea mkoba. Badala yake nikawaza: huyu nitamkimbiza mpaka aombe poo.

Yule mama hakukimbia hata mara moja. Kila nilipopiga kwa nguvu yeye aliubetua mpira juu, juu kabisa, mpaka unapotea kwenye jua la Texas, kisha unashuka polepole sentimita chache kabla ya mstari wa nyuma. Narudi nyuma nikikimbia. Naurudisha ovyo. Anaubetua tena. Nikisimama nyuma kumsubiri, anaudondosha mbele ya wavu. Nilikimbia siku ile kuliko nilivyokimbia UMISSETA nzima. Matokeo yalikuwa 6–1, 6–0, na lile gemu moja nililopata alinipa kwa kukosea mara mbili kuanzisha. Tulipokutana kwenye wavu kupeana mikono aliniambia una miguu mizuri sana, akamaanisha. Nilikwenda kukaa kwenye gari na kiyoyozi nikinywa maji ya moto yaliyokuwa yamesahaulika kwenye kiti, na shikamoo yangu nikaitoa humo humo garini, peke yangu.

Msimu ule nilifungwa mechi nyingi. Moja tuliipata bure: wapinzani hawakutimia, tukapewa ushindi wa mezani, na nikashangaa jinsi wenzangu wa timu walivyonuna. Kwetu ushindi wa mezani unapigiwa vigelegele. Wao walikuwa wameshalipia mtu wa kukaa na watoto, wamevaa, wameendesha dakika arobaini, halafu hakuna mchezo.

Nilichukua muda mrefu kuelewa kufungwa katika ligi ya namna hii. Hata hesabu ilinishinda. Kama machujio yanafanya kazi, umri wako na daraja lako, basi mtu aliye mbele yako mnalingana. Na wanaolingana hugawana. Mchezaji aliyewekwa mahali pake sawasawa anafungwa karibu nusu ya mechi zake, mwaka baada ya mwaka, na akianza kushinda zote kompyuta inampandisha akafungwe huko juu. Hakuna pa kutorokea. Nilikuwa nimezoea michezo ya shule, ambako kufungwa ni kutolewa, unapanda basi unarudi nyumbani. Hapa unafungwa Jumamosi, Jumapili unaosha jezi, Jumamosi ijayo uko uwanjani tena.

Tena hesabu yake ina ujanja wake. Kompyuta inapima mechi kwa magemu, hailingojei tangazo la mshindi. Ukicheza na watu waliokuzidi kiwango na kufungwa 6–4, 6–4, namba yako ya siri inaweza kupanda. Ukimshinda dhaifu kwa taabu, inaweza kushuka. Nasema ya siri kwa sababu inahesabiwa mpaka sehemu za mia lakini wewe mchezaji huonyeshwi. Unaona tu ile ya jumla, mwisho wa mwaka. Kwa hiyo hata ukiwa umeshafungwa seti ya kwanza 6–0 na ya pili uko nyuma 5–1, gemu lile linalofuata lina thamani. Nimeona wamama wakipigania gemu la namna hiyo kama mirathi.

Mnaotoka kwenye michezo ya shule Tanzania mnajua vijeba. Yule mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye ndevu na watoto wawili kijijini. Nilidhani nimewaacha huko, nikawakuta huku wamevaa sura nyingine. Kwa kuwa hapa umri haufichiki, watu wanaficha kiwango. Mtu anajaza fomu kwamba hajui kitu, anapewa 2.5, kumbe alishika raketi tangu ana miaka saba. Tulikutana na timu moja, sitaitaja, iliyokuwa na dada wa hivyo. Mpira wake wa kuanzisha ulikuwa unapiga kelele ukipita. Wenzangu wawili walifungwa 6–0, 6–0 kwa muda mfupi kuliko wa kupika wali. Kinachomaliza hamu ni kwamba alikuwa anajizuia. Kila alipoona gemu ni rahisi mno anapiga mmoja nje, makusudi, huku akijifanya kushika kichwa. Siku za mwizi ni arobaini: ligi ina kifungu kwamba aliyejikadiria mwenyewe, matokeo yake yakionyesha mara tatu kuwa yuko juu mno ya daraja hilo, anaondolewa kwenye daraja hilo katikati ya msimu. Dada yule aliondolewa. Lakini wenzangu hawakurudishiwa ile Jumamosi yao, na mmoja wao hakurudi tena kwenye tenisi. Alikuwa amesubiri mpaka miaka 52 kuthubutu kuingia timu.

Mwisho wa Novemba 2022 kompyuta ikanipa 3.0. Nilipiga kelele maabara, mlinzi akaja.

Daraja jipya, umri mpya. Kwenye timu ya arobaini nikapewa mwenzangu wa kucheza naye wawili wawili, na hapa ndipo hasa nilipotaka kufika. Yeye ni mfamasia, mzaliwa wa Vietnam, amelelewa Houston tangu mdogo, mfupi, mkimya, mwenye mikono myepesi karibu na wavu. Alikuwa na ugonjwa mmoja unaowapata wachezaji wengi hapa: kuomba radhi. Akipiga kwenye wavu, “sori”. Mpira ukimgonga, “sori”. Mimi nikikosa, bado yeye “sori”. Baada ya mechi ya pili nikamwambia kwa Kiswahili sisi tuna maneno mawili. Aliyekosea anasema samahani. Mwenzake anamjibu pole.

“Pole ya nini, kama hujanikosea?”

“Ndiyo maana inaitwa pole.”

Akalifikiria neno lile muda wote wa kubadilishana upande, sekunde zote tisini. Tangu siku hiyo tukakubaliana hakuna samahani uwanjani, pole tu. Nikikosa, sauti yake ndogo inatoka nyuma yangu: pole. Anakosa, nami: pole sana. Timu moja ililalamika kwa nahodha wetu kwamba tunapeana ishara za siri kwa lugha ya kigeni.

Tulikuwa wazuri. Si wa kutisha, wazuri wa 3.0. Mimi nilikuwa narudi nyuma kufuata mipira ya kubetua, kazi niliyofundishwa kwa maumivu na mama wa bandeji, yeye anamaliza mbele. Kiwiko changu kilianza kuuma mwezi wa sita, ule ugonjwa uliopewa jina la mchezo wenyewe, nikalegeza nyuzi za raketi, nikafanya mazoezi ya kunyanyua chupa ya maji kwa mkono mmoja, kikatulia. Kila mechi ya nyumbani nilileta sambusa, na nashuku kuna timu zilizokuwa zinaomba kucheza na sisi kwa sababu hiyo.

Septemba tukacheza ugenini. Joto la Houston la Septemba halina adabu, saa tatu asubuhi shati tayari limeshikana na mgongo. Seti moja kwao, moja kwetu. Katika ligi yetu seti ya tatu haichezwi, badala yake kuna mchujo wa pointi kumi unaoitwa taibreki. Tukafika 8–8.

Lazima niseme jambo moja kwa wasiolijua. Katika ligi hizi hakuna refa uwanjani. Hayupo kabisa. Kila upande unaamua mipira ya upande wake. Mpira ukianguka kwako, wewe ndiye wa kusema umetoka au uko ndani, na mpinzani anatakiwa kukuamini. Kanuni iliyoandikwa ni kwamba mpira uliogusa mstari hata kidogo ni mzuri, na ukiwa na shaka, shaka hiyo ni mali ya mpinzani. Kama wenza wawili wanatofautiana, mmoja kaona nje na mwingine ndani, mpira ni mzuri.

Sasa mfikirieni mtu wa netiboli. Mimi nimekuzwa na filimbi. Refa asipopuliza, hakuna kosa. Akipuliza, kazi yangu ni kubisha hata kama najua kabisa nimemsukuma yule msichana. Wote tulikuwa hivyo, na tulielewana: ukweli ni kazi ya mwenye filimbi, kushinda ni kazi yetu.

Pointi ile nilikuwa nimevuka kwenda upande wa mwenzangu kukata mpira, nikaukosa, ukapita pembeni yangu kando ya mstari. Yeye alikuwa nyuma, anautazama mstari kwa urefu wake. Mimi nilikuwa nimejipinda nusu, jasho machoni. Nikanyoosha kidole juu: nje!

Wapinzani wakatazamana. Hawakusema kitu. Tisa kwa nane, tunaongoza, pointi moja imebaki.

“Ulikuwa ndani,” akasema mwenzangu.

Aliisema kwa sauti ileile ndogo ya pole. Nilimgeukia nikidhani ananiuliza. Hakuwa ananiuliza. Akawaambia wale wa ng'ambo samahani, ulikuwa mzuri, pointi yenu. Tisa kwa nane ikawa nane kwa tisa. Pointi iliyofuata nikapiga kwenye wavu, maana mkono wangu ulikuwa unatetemeka kwa hasira, na mechi ikaisha.

Nilimchukia. Neno ni hilo. Nikamwona msaliti, mnafiki anayetaka sifa za watu asiowajua. Kwenye gari nilijihutubia kwa Kiswahili mpaka nyumbani. Mume wangu akauliza tu, “Mama Rehema, kwani mpira ulikuwa wapi?” Nikamjibu hayo si mambo ya kumhusu, na akaendelea kukuna nazi. Wiki mbili nikawa sijibu ujumbe wa mfamasia. Aliniandikia ratiba ya mazoezi, kimya. Akanitumia picha ya mbwa wake amevaa kofia ya tenisi, kimya.

Kilichonirudisha kilikuwa kazini, saa tisa usiku. Palikuwa na sampuli moja ya damu, matokeo yake yamekaa mpakani, mashine imetoa namba ambayo ungeweza kuisoma hivi au vile. Kijana tunayemfundisha akaniambia, nadhani hii tuiandike chanya, inaelekea huko. Nikamkatia kauli kabla hajamaliza. Nikamwambia hapa hatuandiki inakoelekea. Ukiwa na shaka hutoi jibu, unapima tena. Nilisema kwa ukali kiasi kwamba yule kijana alirudi nyuma na kiti chake. Halafu nikabaki nimeshika kile kichupa, na nikauona ule mpira.

Sikuwahi kuuona uko nje. Nilikuwa nimejipinda, niliona kivuli cha njano na akilini nikaona tayari ubao wa 9–8, na kidole changu kikapanda chenyewe. Nilichokitangaza kilikuwa haja yangu. Mwenzangu alikuwa ndiye mtu pekee pale uwanjani mwenye macho juu ya mstari.

Nilimwandikia palepale, nikisahau kwamba yeye analala usiku. Nilitaka kueleza netiboli na refa na filimbi na Tanga, nikafuta yote, nikaandika “Samahani.” Saa kumi na mbili asubuhi jibu likaingia, neno moja.

“Pole.”

Tukamaliza msimu. Tulishinda nusu na kitu, hatukufuzu kwenda kwenye mashindano ya eneo zima la Texas, na hatukulia. Nimejifunza kusema “mzuri” kwa sauti kubwa ya GD mpira ukigusa mstari, na kuna wapinzani wanaoshtuka, wanadhani nawagombeza. Sijawa malaika. Mpira ukianguka karibu na mstari wa nyuma na taibreki iko sita kwa sita, kidole bado kinawasha. Nakishikilia kwenye mpini wa raketi.

Namba za mwisho wa 2023 zilitoka. Niliamka mchana baada ya zamu, nikazitafuta kabla ya kupiga mswaki. Mimi: 3.0. Nikashuka na kidole mpaka jina lake. 3.5.

Kwa hiyo timu yetu haimruhusu tena, yeye sasa ni wa daraja jingine, na mimi nimebaki chini. Nilikaa kitandani nikijaribu kuona kama wivu upo. Ulikuwepo, kiasi cha kijiko cha chai. Nikampigia, akapokea kwa kunong'ona maana alikuwa dirishani anahudumia wagonjwa wa dawa, nikamwambia hongera, akasema sori. Nikamkumbusha kanuni yetu.

Sasa nina mwenza mwingine, mgeni, ana S yake pembeni, anapiga kwa nguvu bila kutazama. Jumamosi moja ya Februari tulikuwa tunacheza kwenye viwanja vinavyopakana, uzio wa waya katikati. Upande wa pili walikuwa 3.5 kwa 3.5, na kutoka pembeni ya jicho nikamtambua kwa udogo wake. Walikuwa wanafungwa vibaya. Ilikuwa zamu yake kuanzisha, mpira wa kwanza ukaingia wavuni, wa pili ukaenda mbali kabisa. Akasimama na kuangalia viatu vyake.

“Pole!” nikapiga kelele juu ya uzio.

Mwenza wangu mpya akauliza nimesema nini. Wapinzani wetu wakasimamisha mchezo. Upande wa pili wa waya mfamasia hakugeuka, akanyanyua tu raketi yake juu kidogo, akadundisha mpira mara tatu kama kawaida yake, na ile sauti ndogo ikanifikia kwa lafudhi yake ya Houston.

“Nimeshapoa.”